Kula nje Thessaloniki: jibu kwa anayekwenda Machi

Mkuu, umesema unakwenda mafunzo Thessaloniki, Ugiriki, mwishoni mwa Machi, huli nguruwe na hutaki kupigwa bei. Nilisoma chuo katika mji ule, kwa hiyo naandika niliyoyaona.

Kwanza saa. Ukiingia taverna, yaani mgahawa wa Kigiriki, saa moja jioni utakuta wahudumu wanapanga viti. Wenyeji huanza kujaa kuanzia saa tatu usiku, na wakikaa wamekaa. Pili, usiagize sahani yako peke yako. Mhudumu anatandika karatasi juu ya meza, anaibana na vibanio isipeperuke, kisha vyakula vinawekwa katikati kila kimoja kikiiva, hata kama pweza atatangulia saladi. Kila mtu anachota. Wawili mkiagiza vitu vitatu au vinne, mmeshiba.

Kuhusu nguruwe, kuwa makini: nyama ya gyros, ile inayochomwa ikizungushwa kwenye mshikaki mkubwa na kukatwa vipande, mara nyingi ni nguruwe, kwa hiyo taja kuku, kotopoulo. Soutzoukakia, zile kofta za bizari ya pilau zilizokuja na wakimbizi wa Smyrna (leo Izmir, Uturuki) baada ya 1922, baadhi ya jikoni huchanganya nyama, uliza. Lakini wewe una bahati, kwani wakati huo ni Kwaresima ya Waorthodoksi. Sema "nistisimo", yaani chakula cha mfungo, uletewe maharage makubwa ya kuoka, dolma (wali uliofungwa kwenye majani ya mzabibu), pweza wa kuchoma, na wali wa kome, mydopilafo. Kome wanafugwa hapo hapo Ghuba ya Thermaikos, na kwangu mimi wali huo unashinda vyote. Tarehe 25 Machi, sikukuu yao ya taifa, karibu kila meza ina chewa wa kukaanga na rojo la kitunguu saumu. Siku hiyo usipange kikao cha karibu karibu na mtu.

Bei: samaki wazima huuzwa kwa kilo, basi apimwe mbele yako kabla hajaenda jikoni. Kanyota kadogo kando ya jina la chakula kwenye menyu maana yake kilikuwa kwenye friza. Mkate mara nyingi unalipiwa hata hukuuomba, ni kiasi kidogo, usigombane. Risiti ni haki yako. Sheria yao inasema usipopewa huna wajibu wa kulipa, na tangazo hilo utaliona limeandikwa. Bili haiji mpaka uiombe, na kabla yake huenda ukaletewa kitamu cha bure.

Mahali? Barabara ya Nikis kando ya bahari ni ya kahawa zaidi. Mtaa wa Ladadika, yaliyokuwa maghala ya mafuta ya zeituni, panapendeza ila wikendi kelele nyingi. Mimi ningekupeleka soko la Kapani mchana, vijimeza vya katikati ya wauza samaki. Asubuhi tafuta bougatsa ya krimu, andazi la unga mwembamba wa tabaka tabaka: jamaa anaikatakata kwa kisu kipana, ta-ta-ta, anamwagia sukari ya unga na mdalasini. Ile ya nyama ya kusaga, kwako, iache.