Banda la kuku la uani: pesa iende chini, si juu

Mwambie fundi wa mtaani unataka banda la kuku, atakuuliza bati. Geji 30 au 28, la rangi au la kawaida? Mimi ningependa aanze na sakafu. Kuku hauawi na bati la bei rahisi. Anauawa na unyevu, hewa nzito, na mnyama aliyepenya usiku kwenye tundu ambalo hukuliona.

Nazungumzia banda la uani huku Pwani, la kuku wa kienyeji ishirini na ushee. Hesabu yake ni nyepesi: mita moja ya mraba inatosha kuku 4 wakubwa, kwa hiyo banda la mita 2 kwa 3 linabeba 24 bila kubanana. Ukitaka 40, ongeza banda, usiongeze kuku.

Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige zile kuta fupi, na pande ndefu zenye wavu zitazame kaskazini na kusini. Upepo wa kusi utaingia huku, wa kaskazi kule, na joto litapata pa kutokea. Upande wa kusini toa upenu mrefu, maana mvua ya masika haidondoki wima, inakuja na upepo.

Ukuta wa tofali ni kozi 3 tu, yaani mistari mitatu ya tofali, kisha wavu mpaka juu. Hapa jiandae kubishana. "Bosi, tuzibe mpaka juu, kuku watapata baridi." Baridi ya wapi, Kibaha? Vifaranga utawatengea kona yao yenye joto, na usiku wa mvua kubwa utashusha turubai. Banda lililozibwa linajaza harufu kali ya kinyesi, kama ya mkojo, na harufu hiyo huisikii ukiwa umesimama. Chuchumaa, weka pua pale kuku anapolala. Macho yakikuwasha, basi kuku naye mafua hayako mbali.

Wavu ndio usibane pesa kabisa. Ule mwepesi wa matundu makubwa unazuia kuku asitoke, basi. Kicheche anaurarua, nyoka anapita, na hewa ya chumvi inaula kwa kutu. Nunua wavu mgumu uliochomelewa, wa matundu madogo, angalau kwa kipande cha chini. Sakafu ikiwa ya udongo, fukia wavu kuzunguka banda kina cha sentimita 30, kwa sababu hawa wageni wanachimba. Mwenye uwezo amwage zege jembamba lenye mteremko kidogo kuelekea mlangoni, kuosha kunakuwa rahisi.

Juu sasa, bana utakavyo. Mirunda badala ya mbao za mbili kwa nne, ncha za chini zipakwe oili chafu kuzuia mchwa. Mabanzi yanafaa kwa mlango. Makuti yana ubaridi mzuri, lakini yanafuga panya, na panya anamwita nyoka. Mimi nachagua bati, ila paa liwe juu.

Vichanja vya kulalia viwe vya mti wa mviringo, na kila kuku apate kama sentimita 20. Mianzi siipendi, uwazi wake ni nyumba ya utitiri. Usiku pitisha kidole kwenye ufa wa kichanja. Kikitoka na alama nyekundu, hiyo ni damu ya kuku wako. Viota vya sentimita 30 kila upande, kimoja kwa kuku 4 au 5, vikae penye giza, na kifuniko chake kiwe na mteremko mkali, la sivyo watalala juu yake na kukinyea.

Chini mwaga maranda ya kwa seremala au pumba za mpunga, unene wa sentimita 5 hadi 10. Vumbi laini la msumeno liache. Kila baada ya siku chache shika konzi ukaminye: yakishikana kama ugali yameloa, yatoe, maana kuhara damu kunaanzia hapo. Mara nyingi chanzo ni chombo cha maji kinachomwagika, kwa hiyo kiinue juu ya tofali.

Banda zuri halizuii ugonjwa wa kideri (mdondo). Tone la chanjo ya I-2 jichoni kila miezi 3, hakuna mjadala.

Mlango ufunguke kwa nje, usikwangue maranda, na uwe wa kimo chako. Banda la kuingia umeinama hutalifagia.

Kuku wapya wafungie ndani siku 3 au 4 kabla ya kuwaachia, wakizoee kichanja. Wengi watarudi wenyewe jioni. Atakayeng'ang'ania mwembe usimrushie mawe. Subiri giza liingie, panda, umshushe.