Je, mama asiye msomi anaweza kuwafundisha wanawake vijana?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa miaka 54, nimeokoka siku nyingi. Mchungaji wetu ameniomba niwalee wanawake vijana wanne: wawili wameolewa hivi karibuni, mmoja amejifungua juzi tu, na mmoja hajaolewa. Naogopa. Shule sikufika mbali, ndoa yangu imepita kwenye mambo mazito, na kijana wangu mmoja ameacha wokovu. Tena kuna ndugu ameniambia kwamba Paulo alikataza mwanamke kufundisha. Je, nina haki ya kufanya kazi hii? Na nikikubali, nawafundisha nini, na kwa namna gani?

JIBU: Amina, mama yangu. Nianze na neno la yule ndugu, maana likibaki moyoni litakutafuna kila utakapofungua Biblia mbele ya mabinti hao. Bila shaka anataja 1 Timotheo 2:12. Makanisa yanatofautiana juu ya andiko hilo. Yapo yasiyomruhusu mwanamke kuhubiri mbele ya kusanyiko lenye wanaume, na yapo yanayomweka wakfu kuwa mchungaji. Ubishi huo haukugusi katika jambo uliloombwa. Mstari wenyewe unahusu mwanamke na mwanamume, na ule wa 11 ulioutangulia unaagiza kwamba mwanamke ajifunze. Kuhusu mwanamke kumfundisha mwanamke mwenzake, Paulo huyo huyo ametoa agizo wazi kwa Tito: wazee wa kike wawe "wafundishao mema, ili wawatie wanawake vijana akili" (Tito 2:3-4). Kwa hiyo haki unayo, na mchungaji wako amefanya alivyofundishwa.

Soma sura ile ya pili ya Tito taratibu. Tito aliachwa Krete ayatengeneze makanisa. Paulo anampa la kuwaambia wazee wa kiume, la kuwaambia wazee wa kike, na la kuwaonya vijana wa kiume. Akifika kwa wanawake vijana, kazi anaiweka mikononi mwa wazee wa kike. Nadhani kila aliyewahi kuchunga watu anaona sababu. Mchungaji hawezi kukaa jikoni kwa binti aliyeolewa miezi mitatu iliyopita, akamsikia anavyomjibu mumewe kwenye simu. Wewe unaweza. Na somo analolihitaji binti yule liko palepale, kwenye sauti ile ya kwenye simu.

Sasa habari ya usomi. "Wafundishao mema" katika Kigiriki ni neno moja, kalodidaskalos, na halipatikani mahali pengine popote katika Agano Jipya. Linamtaja mtu anayefundisha lililo jema na zuri. Sifa zinazotangulia neno hilo ni tatu: mwenendo wa utakatifu, kutokuwa msingiziaji, kutokuwa mtumwa wa mvinyo. Hakuna hata moja inayopatikana darasani.

Hiyo ya pili naomba ukae nayo. Neno lililotafsiriwa "wasingiziaji" ni diabolos, lile lile tunaloliita Ibilisi. Paulo ameuweka ulimi mbele ya kufundisha, na anayejua makundi ya wanawake anajua kwa nini: ulimi ndio unaoyaua. Wala siri haitoki mara nyingi kwa umbea wa wazi. Inatoka kwenye maombi. "Tumwombee dada fulani, nyumbani kwake hakukaliki." Jumapili inayofuata watu wanamwangalia mumewe kwa jicho la pembeni, na dada yule hatafungua kinywa tena, pengine maisha yake yote. Basi weka kanuni siku ya kwanza, kabla yeyote hajasema la moyoni: lililosemwa hapa halitoki, hata kwa mume, hata kwa mchungaji, hata kwa njia ya maombi, mpaka mwenyewe aruhusu. Yapo mambo matatu yasiyofichwa: maisha ya mtu yakiwa hatarini, mtoto akiumizwa, au mtu akikusudia kujidhuru. Yataje hayo matatu siku hiyo hiyo. Ukingoja mpaka yatokee ndipo useme, utaonekana umesaliti.

Kuhusu ndoa yako na kijana wako, mtazame Naomi. Alirudi Bethlehemu hana mume, hana hata mmoja wa wanawe wawili, akawaambia wanawake wa mji wasimwite Naomi, wamwite Mara, kwa kuwa Mwenyezi amemtenda machungu (Ruthu 1:20). Katika uchungu huo huo alikuwa anamwelekeza Ruthu mambo ya kila siku: aandamane na wasichana wa Boazi, asionekane katika shamba la mtu mwingine (Ruthu 2:22). Ushauri wa kazi na wa usalama, kutoka kwa mwanamke aliyejiona mtupu. Wewe nawe unaweza. Ukisimulia ndoa yako, simulia makosa yako na jinsi ulivyotubu. Makosa ya mumeo si mali yako kuyagawa. Na kijana wako usimfiche wala usimgeuze kuwa somo. Waombe mabinti wamwombee kwa jina, inatosha.

Namna ya kuifanya kazi. Patana nao muda wenye mwisho. Miezi sita ni kiasi kizuri. Kutaneni wote pamoja kila baada ya wiki mbili, na katikati yake mtembelee kila mmoja peke yake mara moja kwa mwezi, au aje kwako. Kwa watu wanne hiyo ni ziara moja kwa wiki, mzigo unaobebeka. Wakizidi wanne, ziara zitakushinda, kundi litabaki kuwa kikao tu, na sehemu kubwa ya faida itakuwa imepotea.

Kikao cha pamoja kisizidi saa moja na nusu. Dakika 10 za salamu. Dakika 20 za kusoma andiko moja, mistari isiyozidi 15 au 20, kwa sauti, mara mbili, na wasomaji wawili tofauti. Hapo hata kama kusoma kunakupa shida, mabinti watasoma nawe utaongoza. Dakika 30 za maswali mawili tu: andiko hili linaonyesha nini juu ya Mungu, na linanitaka nibadili nini wiki hii, kwa nani? Hilo "kwa nani" usiliache, maana asiyetaja mtu hubaki na nia nzuri isiyo na pa kutua. Dakika 20 nyingine kila mmoja aseme ahadi yake ya mara iliyopita imefikia wapi, na dakika 10 za kuomba. Sehemu ya ahadi ndiyo inayolegea mapema kuliko zote kwa sababu mtu huona haya kuuliza. Anza wewe mwenyewe kutoa hesabu yako, hasa pale uliposhindwa.

Andiko la kwanza ningechagua Luka 1:39-56. Binti mwenye mimba isiyoelezeka kwa watu anaingia kwa mwanamke mzee, na neno la kwanza la Elisabeti ni baraka. Hakuanza na maswali. Mariamu akakaa naye kama miezi mitatu. Baadaye someni habari ya Mariamu na Martha katika Luka 10:38-42, Tabitha wa Yafa katika Matendo 9:36-42, na Mithali 31 kuanzia mstari wa 10, lakini hiyo mgawanye mara mbili. Tito 2 iacheni karibu na mwisho, watakapokuwa wamekwisha kukuona ukiiishi.

Ziara ndizo zenye nguvu zaidi, nami nakusihi usiende na mkoba wa mahubiri. Nenda na mikono. Chukua huyo aliyejifungua. Anakuambia chuchu zimechanika na kila mtoto akilia yeye naye analia. Osha mikono, kaa karibu naye, umwonyeshe: tumbo la mtoto ligusane na tumbo la mama, sikio, bega na nyonga ya mtoto vikae mstari mmoja, pua ielekee chuchu. Angoje mtoto apanue kinywa kama anayepiga miayo, ndipo amsogeze mtoto kwenye titi, kidevu kitangulie kugusa. Mama wengi wachanga hufanya kinyume: wanainama na kumwingizia mtoto ncha ya chuchu peke yake, naye akinyonya ncha anaijeruhi. Mtoto akishika vizuri utaona mabega ya mama yanashuka. Hapo ndipo umsomee Zaburi 22:9, inayomsifu Mungu kwa yale anayomfanyia mtoto akiwa bado matitini mwa mama yake. Huwezi kumfundisha mtu "kuwapenda watoto wao" kwa njia iliyo bora kuliko hiyo.

Nikiwa bado kwake: machozi ya siku za kwanza baada ya kujifungua ni ya kawaida. Yakipita wiki mbili, au asipolala hata mtoto anapolala, mpeleke hospitali. Akisema anaona heri afe, au anaogopa atamdhuru mtoto, usingoje wiki mbili: mpeleke siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake. Omba naye njiani. Kumwambia aongeze maombi na kumwacha pale kitandani si imani, ni kumtelekeza.

Walioolewa karibuni mara nyingi watakuletea habari ya fedha. Usitoe shauri lolote mwezi wa kwanza. Mwambie aandike kwenye daftari kila kinachoingia na kinachotoka kwa wiki nne, na mumewe ajue anaandika. Wiki ya tano lisomeni pamoja. Mara nyingi atakuwa ameliona tatizo mwenyewe kabla hujafungua kinywa. Hiyo ndiyo maana ya kumtia mtu akili. Neno la Kigiriki pale lina maana ya kumsaidia mtu awe na akili timamu na kiasi, ajitawale. Kumpa amri ni kazi nyingine. Binti akianza kukupigia simu kabla ya kila uamuzi, mrudishie swali: "Wewe umeombaje, na unaona nini?" Usipofanya hivyo, baada ya miezi sita atakuwa na mama mwenye akili, yeye mwenyewe hana.

Watauliza juu ya "kufanya kazi nyumbani mwao" (Tito 2:5). Wengine hulitumia neno hilo kumtoa mwanamke kazini. Mwanamke wa Mithali 31 ananunua shamba na kuuza nguo alizozitengeneza. Lidia aliuza nguo za rangi ya zambarau. Prisila alishona mahema pamoja na mumewe. Paulo aliwafahamu hao wawili wa mwisho, wala hakuwaambia waache. Nyumba isitelekezwe, hilo ndilo jambo lake.

Hapa pana hatari ya walimu wengi wema: kuchanganya Biblia na desturi ya nyumbani kwao. Namna ulivyompokea mumeo akirudi jioni, saa ulizoamka, nguo ulizovaa, hayo ni uzoefu wako. Ukiyatoa, sema, "Mimi nilifanya hivi." Neno "Biblia inasema" litunze kwa yale ambayo unaweza kuweka kidole juu ya mstari wake. Na kikao kikigeuka kuwa cha kuwalalamikia waume, kikatishe kwa upole, urudi kwenye andiko. Mwenye shida ya kweli umwone peke yake.

Kuhusu "kuwatii waume zao" nasema kwa uzito wote. Binti akikuambia anapigwa, usimfundishe kuvumilia kipigo kwa jina la utii. Andiko linalomtaja mke linamwagiza mume ampende kama mwili wake mwenyewe, anaoulisha na kuutunza (Waefeso 5:28-29). Mwamini. Muulize kama ana mahali salama pa kulala usiku huo, na watoto wako wapi. Usiende kumkabili mume wala usiwaite wote wawili mkae mezani, kwa sababu akirudi nyumbani atalipia maneno aliyoyasema mbele yako. Msaidie afike penye usalama, apate matibabu na afike kwenye vyombo vya sheria. Mazungumzo ya kupatana, kama yatakuwepo, yaje baada ya hapo na yaongozwe na watu wenye uwezo wa kuyashika.

Yule asiyeolewa usimsahau. Kila somo likiwa la ndoa ataacha kuja, na atakuwa na haki. Akili, kiasi, usafi, wema, vyote vipo katika Tito 2 na vinamhusu leo, kabla ya mume na hata bila mume. Wala usimtafutie mchumba.

Kuhusu hofu: mwaka 1876, katika kijiji cha Old Alresford huko Uingereza, mke wa mchungaji aliyeitwa Mary Sumner aliwakusanya wanawake wa parokia ili wasaidiane katika ulezi wa watoto. Siku ya kwanza woga ulimshika hata akashindwa kusema, akawaomba warudi wiki inayofuata. Walirudi. Kutokana na mkutano huo kikatokea chama cha akina mama wa Kianglikana ambacho leo kimeenea katika nchi nyingi. Ukishindwa kusema siku ya kwanza, waombe nao warudi.

Kabla ya kumjibu mchungaji wako ndiyo, muombe mambo mawili. Kwanza, asikuulize habari za mabinti hao; akitaka kujua, awaulize wenyewe. Pili, akutajie mama mmoja aliyekutangulia katika imani ambaye utamwendea wewe mara moja kwa mwezi, umwambie mambo yako mwenyewe, akuombee.