Maswali ya Wasomaji: Djibouti wanagombania nini?

SWALI: Shikamoo mhariri. Kaka yangu ni baharia, meli yao ilitia nanga Djibouti, anasema kanchi kale kamejaa kambi za Wamarekani, Wachina, Wafaransa mpaka Wajapani. Wanatafuta nini na mbona hawapigani? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kaka yako hajakudanganya, tena Waitalia kawasahau. Angalia ramani pale Bahari ya Shamu inapokutana na Ghuba ya Aden, kuna mlango mwembamba unaitwa Bab el-Mandeb, upana wake kama kilomita 30 tu, na meli ya Asia inayokwenda Ulaya kwa njia ya Suez lazima ipite hapo. Djibouti ndo imekaa mlangoni. Wahouthi, wale wapiganaji wa Yemen ng'ambo ya mlango huo, walipoanza kushambulia meli mwishoni mwa 2023, makampuni kibao yakaamua bora kuzunguka Afrika Kusini, siku kumi na kitu zaidi baharini, sasa piga hesabu ya mafuta.

Mfaransa aliwapa uhuru 1977 ila kambi hakuondoa. Mmarekani kaja baada ya Septemba 11, yuko ubavuni mwa uwanja wa ndege wa Ambouli, yani ndege ya abiria na ya kijeshi zinarukia njia ileile, na 2014 alikubali kodi ya dola milioni 63 kwa mwaka. Mchina kafungua yake 2017, ya kwanza kabisa nje ya kwao, jirani na bandari ya Doraleh, kilomita chache tu toka kwa Mmarekani.

Kupigana hawapigani ila wanachunguliana kama wapangaji wa uani mmoja. 2018 Wamarekani walilalamika marubani wao wanamulikwa leza machoni toka upande wa Wachina, Wachina wakakataa katakata, yakaishia hapo.

Mimi kodi hainitishi, kinachonitia wasiwasi ni mikopo. Reli ya kwenda Addis Ababa na sehemu kubwa ya miradi mingine imejengwa kwa hela za mkopo za Mchina, sasa mwenye nyumba anadaiwa na mpangaji wake mwenyewe, atamfokea saa ngapi? Na hapo usiangalie Djibouti peke yake. Kaka yako akipita tena amuulize kuli yeyote bandarini yale makontena ni ya nani, mengi ni ya Ethiopia, maana toka wagombane na Eritrea 1998 wakakosa bandari ya Assab, karibu mzigo wao wote unapita hapo. Watu zaidi ya milioni 100 wanasubiri ngano na mbolea kwenye geti hilo moja.