Ukisaka asili ya neno, usiliache peke yake

Anayeanza kufuatilia asili ya maneno huwa namwambia jambo moja kabla ya yote: usiridhike na umbo moja. Chukua jina la kale la kitunguu katika lugha za Kigermaniki. Waingereza wa kale walisema lēac, Wajerumani husema Lauch, Waholanzi look, Waswidi lök. Yaandike kwenye mstari mmoja, kisha chini yake andika jicho kwa lugha hizohizo: ēage, Auge, oog, öga. Irabu zinafuatana vilevile! Mimi siamini undugu wa maneno mpaka nione mfuatano kama huo ukijirudia.

Kwa njia hiyo wataalamu walikisia neno mama, laukaz. Na hapa ndipo ninapoipenda sana kazi hii, maana neno hilohilo limekutwa limeandikwa kwa runi, herufi za kale za Wagermaniki, kwenye vidani vya dhahabu vya Skandinavia, vya karne ya 5 na ya 6. Kwa nini watu wavae jina la kitunguu shingoni? Wengi huona ilikuwa kinga au dua ya afya.

Usiifanye maana ya leo kuwa kipimo. Lök ya Mswidi ni kitunguu maji, ilhali leek ya Mwingereza ni kile kirefu cha majani. Zamani neno lilibeba jamii nzima, ndiyo maana likahitaji kuongezewa kitu. Chukua kitunguu saumu: garlic ya Kiingereza ilikuwa gārlēac, na gār ni mkuki. Knoblauch ya Kijerumani ilikuwa klobalouh, kitunguu kilichopasuka vipande. Baadaye l ya mwanzo ikageuka n. Waswidi wao wakasema vitlök, kitunguu cheupe.

Mfanano wa sauti nao uogope. Sisi tuna kitunguu saumu, na nimesikia watu wakikihusisha na saumu ya Ramadhani. Hapana. Saumu ya kitunguu inatokana na thūm ya Kiarabu, ile ya mfungo inatokana na ṣawm. Ni maneno mawili yaliyokutana katika matamshi yetu, na wanaosema kitunguu thomu wako karibu zaidi na asili.

Ukikutana na luk ya Kirusi au laukka ya Kifini, usiyaingize kwenye mstari wako wa ndugu. Hao ni majirani walioazima kutoka kwa Wagermaniki.