Tosti ya mayai kwa mkate wa matunda uliolala

Mkate wa matunda uliobaki ni mali. Ndani yake kuna siagi, mayai, sukari, zabibu kavu na maganda ya chungwa yaliyopikwa kwa sukari. Karibu kila kitu ambacho mpishi wa tosti ya mayai (slesi iliyolowekwa kwenye mayai na maziwa, kisha ikakaangwa) huongeza kwenye mkate wa kawaida, humo kimo tayari. Na hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanatumia vipimo vya mkate mweupe, sukari ileile, moto uleule na muda uleule wa kuloweka, halafu slesi inatoka nyeusi nje na uji ndani. Mkate huu hautaki kuongezewa sukari, hautaki kuloana muda mrefu, na hautaki moto mkali. Ukiyashika hayo matatu, kazi iliyobaki ni ndogo.

Mkate wenyewe

Mikate ya matunda haifanani, na usiitendee sawa. Panettone ya Milan, Italia, ni nyepesi, ina matundu makubwa, na ukiivuta huchanika kwa nyuzi ndefu. Inanyonya maziwa kufumba na kufumbua. Stollen ya Dresden, Ujerumani, ni kinyume chake: nzito, imeshiba siagi, imefunikwa sukari ya unga, na mara nyingine ina lozi zilizosagwa katikati. Hii hunyonya polepole sana. Mkate wa zabibu uliookwa kwenye bati la kawaida unakaa katikati ya hiyo miwili, na ndio rahisi zaidi kwa anayeanza.

Mkate ukilala hukauka na kukaza, na watu hudhani sababu ni maji kutoka tu. Sehemu kubwa ya ugumu ule ni wanga. Wakati wa kuoka wanga hunywa maji na kulainika. Ukishapoa huanza kujipanga upya na kukaza. Jambo hilo huenda kasi zaidi ndani ya friji kuliko juu ya meza, na kwenye friza karibu linasimama. Mafuta na sukari hulichelewesha. Ndiyo maana mkate wa matunda wa siku nne unaweza kuwa bado laini mkononi, na ulaini huo ndio unaodanganya. Slesi yenye unyevu wake haina nafasi ya kupokea maziwa, na kuta za matundu yake hazina nguvu ya kuyashika.

Kwa hiyo ukaushe kwanza. Kata slesi, zipange juu ya wavu wa oveni na uziache humo kwa nyuzijoto 150 kwa dakika 8 hadi 10, ukizigeuza mara moja. Hutafuti rangi. Unatafuta uso mkavu unaokwaruza kidogo ukiupitishia kidole, huku katikati bado kunabonyea. Slesi zilizotoka friza ziingie oveni moja kwa moja, dakika 12 hadi 15. Kama huna oveni, ziache juu ya wavu usiku kucha, zikiwa zimefunikwa kitambaa chepesi ili hewa ipite.

Ukiona ukungu, hata doa moja dogo, tupa mkate wote. Kukata sehemu iliyoota hakusaidii, kwa sababu nyuzi za ukungu hupenya ndani ya mkate mbali zaidi ya jicho linapoona.

Kukata, na zile zabibu za juu

Tumia kisu chenye meno, na ukivute mbele na nyuma bila kukandamiza. Panettone ivue karatasi yake, ilaze ubavu, kisha ikate miduara ya unene wa sentimita 2.5 na uigawe kila mmoja nusu. Mkate wa zabibu unatosha sentimita 2. Stollen isizidi 1.5, maana slesi nene ya mkate mzito hubaki kavu katikati hata uiloweke vipi. Sukari ya unga iliyo kwenye ganda la stollen ipanguse kwa brashi au kitambaa kikavu. Ikiachwa itayeyuka kikaangoni na kugeuka lami.

Sasa itazame slesi kwa karibu kabla ya kwenda mbele. Kisu kimekata zabibu kadhaa, nyingine zimechomoza usoni nusu ndani nusu nje. Hizo ndizo zitakazoungua kwanza. Zabibu ikigusa chuma cha moto huvimba kama puto, hung'aa, halafu huwa nyeusi ndani ya dakika moja au mbili, na uchungu wake husambaa kwenye siagi yote. Zilizochomoza zing'oe kwa ncha ya kisu na uziweke kwenye kibakuli. Zitarudi mezani mwishoni. Zilizozama ndani ya mkate ziache, mkate wenyewe unazikinga. Kazi hii inachukua dakika mbili, na hakuna hatua nyingine inayobadilisha ladha kwa kiasi hiki.

Mchanganyiko

Kwa slesi nne za gramu 70 hivi kila moja, andaa mayai mawili makubwa, kiini kimoja cha ziada, mililita 200 za maziwa yenye mafuta yake yote, chumvi robo kijiko cha chai, vanila nusu kijiko cha chai, na ganda la chungwa nusu lililokwaruzwa kwa kikwaruzo chembamba, sehemu ya rangi tu bila ule weupe mchungu. Ukipenda utamu wa mafuta zaidi, badilisha mililita 50 za maziwa kwa krimu. Sukari, hapana. Mapishi ya mkate mweupe huweka kijiko kimoja au viwili vya sukari, lakini hapa sukari ya mkate inatosha, na ukiongeza nyingine uso utapata rangi kabla mayai ya katikati hayajaganda.

Kiini cha ziada kina sababu. Ile harufu ya yai la kuchemsha inayowakera watu kwenye tosti hutoka zaidi kwenye ute uliopikwa kupita kiasi. Kiini huongeza unene na ulaini bila kuongeza harufu hiyo. Baadhi ya wapishi hutumia viini vitupu, lakini hapo tosti inakosa uimara. Mayai mawili na kiini kimoja ndio uwiano unaostahili.

Anza kwa kupiga mayai na chumvi peke yake, kwa nguvu, mpaka usione uzi wowote wa ute unaoning'inia ukiinua uma. Ute ambao haukuvunjika hubandika juu ya mkate kama vipande vya yai la kukaanga. Mdalasini, kama unautumia, nusu kijiko cha chai, ukoroge hapa kwenye mayai kabla ya maziwa. Ukiunyunyiza juu ya maziwa unaelea, na slesi ya kwanza inaubeba wote. Kisha mimina maziwa, koroga, na upitishe kwenye chujio. Ganda la chungwa na vanila vifuate baada ya kuchuja.

Kuloweka

Tumia bakuli pana lenye kitako bapa, slesi moja au mbili kwa wakati mmoja. Panettone iliyokaushwa inataka sekunde 15 hadi 20 kila upande. Mkate wa zabibu, sekunde 30 hadi 40. Stollen, dakika 2 kila upande, na hata 3 haitaharibika. Kwa wenye mizani jikoni kuna kipimo kizuri zaidi ya saa: slesi iliyoingia na gramu 70 itoke na gramu 120 hadi 130. Ikipita hapo, katikati itakuwa uji hata moto uwe mzuri namna gani.

Inyanyue kwa mwiko bapa, kamwe usiivute kwa kona, hasa panettone, maana itachanika palepale penye zabibu. Ilaze juu ya wavu dakika 2 au 3 kabla ya kuikaanga. Watu huiruka hatua hii, nayo ndiyo inayoyapa maziwa muda wa kutembea kutoka pembeni hadi moyoni mwa mkate, na kuuacha uso ukiwa na unyevu wa kutosha tu. Slesi iliyo tayari hupinda bila kukatika, na ukiibonyeza katikati inatoa unyevu bila kudondosha.

Kikaango

Chagua kikaango kizito. Chembamba kina madoa ya joto, na mkate wenye sukari utakuonyesha kila doa lilipo. Moto uwe kati ya wa chini na wa wastani. Siagi tupu ina maji na chembe za maziwa: maji yakiisha povu hutulia, kisha chembe zile huanza kuwa kahawia na baadaye nyeusi. Samli haina chembe hizo, na ndiyo tunayoipendekeza kwa mkate huu. Ukitaka ladha ya siagi, changanya nusu kijiko cha chakula cha siagi na kijiko cha chai cha mafuta yasiyo na harufu. Mafuta hayaziokoi zile chembe zisiungue, lakini zinakuwa chache.

Weka slesi povu likitulia. Sauti unayotaka ni mchirizo mwororo. Ikilia kwa kishindo, ondoa kikaango motoni nusu dakika na upunguze moto. Acha dakika 3 hadi 4 bila kuigusa, geuza mara moja, kisha dakika 2 hadi 3 upande wa pili. Usiigandamize kwa mwiko. Kufanya hivyo kunakamua maziwa yaliyokuwa yaanze kuganda, nayo yanamwagika na kutengeneza kimanda chembamba kuzunguka mkate.

Rangi ya nje haitoshi kukuambia kuwa ndani kumeiva. Slesi iliyoiva huvimba kidogo katikati, na ukiibonyeza kwa kidole inarudi juu. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 71 au zaidi katikati. Ndicho kiwango salama cha vyakula vyenye mayai. Slesi nene zimalizie kwenye oveni ya nyuzi 180, dakika 5 hadi 7, juu ya wavu. Bila oveni, funika kikaango kwa moto mdogo dakika moja au mbili baada ya kugeuza, kisha funua nusu dakika ili ganda lililolainishwa na mvuke likauke tena.

Pangusa kikaango kwa karatasi ya jikoni kabla ya slesi zinazofuata, na uweke mafuta mapya. Mabaki ya sukari na vipande vya matunda kutoka raundi ya kwanza yataungua na kushika kwenye ya pili.

Ikiharibika

Slesi ikikatika ukiinyanyua, mkate haukukauka au umeloweka kupita kiasi. Punguza muda kwa nusu kwa zilizobaki. Ikiwa nyeusi nje na mbichi ndani, ni moto, au umeongeza sukari. Ikiwa kavu katikati, slesi ni nene mno kwa aina ya mkate ule, au hukuipumzisha kwenye wavu. Uchungu ni zabibu au siagi iliyoungua, na hakuna asali itakayouficha.

Mkate uliobomoka hauna haja ya kutupwa. Gramu 300 za vipande, mayai 3, maziwa mililita 400 na chumvi kidogo, ndani ya chombo cha oveni cha sentimita 20 kilichopakwa siagi. Acha vinyonye dakika 20, ukivikandamiza mara moja katikati ya muda huo, kisha oka kwa nyuzi 160 dakika 35 hadi 40, mpaka katikati kutikisike kidogo tu ukisukuma chombo. Hapa panettone inapendeza hata kuliko kikaangoni, na matunda ya juu yakianza kuwa meusi unayafunika kwa karatasi ya alumini.

Mezani

Wafaransa huita tosti hii pain perdu, yaani mkate uliopotea, na mazoea ni kuimwagia kitu kitamu. Kwa mkate wa kawaida sawa. Huu wa matunda unataka uchachu: mtindi mzito usio na sukari, matone ya limau, matunda mabichi yenye ukali. Zile zabibu ulizozing'oa mwanzoni, zichemshe dakika 2 kwenye vijiko vitatu vya maji ya chungwa, kisha zimwage juu na maji yake. Chembe chache za chumvi juu ya tosti mwishoni huamsha ladha ya maganda ya chungwa.

Zinazosubiri wengine wafike mezani zikae juu ya wavu kwenye oveni ya nyuzi 95, si kwenye sahani iliyofunikwa, kwa sababu mvuke utalowesha ganda. Zilizobaki kabisa zipoze, kisha zikae friji siku mbili hadi tatu, au friza mwezi mmoja, kila slesi ikitenganishwa na karatasi. Kuzipasha moto, oveni ya nyuzi 180 kwa dakika 8, au dakika 12 zikitoka friza. Maikrowevu hupasha ndani lakini huacha ganda likiwa kama ngozi.