Sungura anayeishi ndani ya nyumba: sakafu ya kumfaa na matandiko ya kumwekea

Ndugu uliyeuliza, swali lako nimelielewa hivi: umeanza kumfuga sungura ndani ya nyumba, chumba anachokaa kina sakafu ya vigae, nawe unasita kati ya kumnunulia kizimba chenye sakafu ya waya ili kinyesi kidondoke chini, na kumtandikia maranda ya mbao chumba kizima. Umetaja pia, kama jambo la pembeni, kwamba manyoya ya nyuma ya mguu wake mmoja yamepungua. Kwangu mimi hilo la pembeni ndilo kiini cha swali. Nakushauri uyaache hayo mawili yote, na kabla ya kutoa fedha uyatenge mambo ambayo wafugaji wengi huyachanganya: sakafu ni kwa ajili ya miguu ya sungura, na matandiko ni kwa ajili ya mkojo wake. Ukitafuta kitu kimoja cha kufanya kazi zote mbili, utaishia na kitu kisichofanya vizuri hata moja.

Tuanze na mguu. Chini ya unyayo wa sungura hakuna zile nyama laini alizo nazo paka au mbwa. Kinachomkinga ni manyoya mazito tu, na chini ya manyoya hayo ngozi ni nyembamba na mfupa uko karibu. Anaposimama juu ya udongo au majani, kucha zake huzama kidogo, na uzito wa mwili hugawanyika kati ya vidole na kisigino. Anaposimama juu ya kitu kigumu kisichobonyea, kucha hazina pa kuzama, vidole huinuliwa, na uzito humrudia kisigino. Ngozi ya mahali hapo hubanwa kati ya mfupa na sakafu kwa saa nyingi za siku, damu haipiti vizuri, manyoya hukatika, ngozi huwa nyekundu, hufanya gamba, na mwishowe hupasuka ikawa kidonda. Kidonda hicho kikiachwa, maambukizi huweza kufika kwenye kano na mfupa, na matibabu yake huwa marefu. Madaktari wa mifugo huuita ugonjwa huu pododermatitisi. Walio hatarini zaidi ni sungura wakubwa wa mwili, wanene kupita kiasi, wazee wasiotembea sana, wenye kucha ndefu, na wale wa aina ya Rex, ambao manyoya ya nyayo zao ni mafupi na haba tangu kuzaliwa. Jike wangu ni Rex, na ndiye aliyenilazimisha kuyasoma haya yote; dume ninayemfuga naye, mwenye nyayo za manyoya tele, angeweza kuvumilia sakafu ambayo yeye isingemfaa hata kidogo.

Mkague leo. Usimlaze chali, kwa sababu sungura aliyelazwa chali huwa ameganda kwa hofu hata kama anaonekana ametulia. Mketishe mapajani mgongo wake ukiwa kifuani mwako, shikilia makalio yake vizuri, kisha utenganishe manyoya ya kisigino kwa kidole gumba. Ukiona kipara kidogo, kikavu, chenye rangi ya ngozi ya kawaida na ngozi iliyokomaa kama sugu, hiyo si dharura: sungura wengi wazima wanacho, na kazi yako ni kuhakikisha hakiongezeki. Ukiona wekundu unaong'aa, uvimbe, gamba, unyevunyevu, au akivuta mguu kwa nguvu unapogusa hapo, mpeleke kwa daktari anayewajua sungura na usimpake dawa ya kubahatisha, maana atairamba.

Kwa hiyo sakafu ya waya tuiondoe mezani. Wauzaji huisifia kwa usafi, na kweli trei ya chini hurahisisha kazi ya binadamu. Lakini uzito wa mnyama hukaa juu ya nyuzi chache za chuma, ukucha au kidole huweza kunasa, na hata kile kinyesi laini ambacho sungura hukila moja kwa moja kutoka mkunduni ili kupata vitamini na protini, kikimponyoka, huangukia chini asikoweza kukifikia. Ikiwa tayari una kizimba cha namna hiyo, funika sakafu yote kwa ubao imara, kisha juu ya ubao weka mkeka au zulia. Ubao mtupu pekee hautoshi.

Vigae, sakafu ya mbao iliyong'arishwa na ile ya vinaili vina tatizo la pili, nalo ni utelezi. Sungura anayeteleza huishi kwa wasiwasi, hukaa pembeni, haruki, hanyooshi mwili, na asiyefanya mazoezi hunenepa na kuongeza mzigo kwenye visigino vilevile. Dume wangu alikuwa akifika mwisho wa zulia, anaweka mguu mmoja wa mbele kwenye kigae, anaurudisha, na kugeuka. Nilipotandika mkeka mwembamba wa kuunganisha vyumba viwili, alivuka bila kusita na tangu hapo hupita hapo mbio. Lipo pia jambo zito zaidi. Mifupa ya sungura ni takriban asilimia 8 tu ya uzito wa mwili wake, ilhali ya paka hufika asilimia 12 au 13, na misuli yake ya nyuma ina nguvu nyingi mno kwa mifupa myepesi namna hiyo. Akishtuka na kurusha teke kwa ghafla huku miguu ikimtoka, anaweza kuumia mgongo, na mgongo uliovunjika kwa sungura mara nyingi haurekebishiki.

Zulia basi, lakini la aina gani? Chagua lenye nyuzi fupi zilizokatwa juu, wala si lile lililofumwa kwa vitanzi, kwa sababu ukucha hunasa kwenye kitanzi, naye sungura akinaswa havuti polepole: huruka. Jaribio langu dukani ni rahisi. Napitisha ukucha wangu juu ya zulia kwa kuukunja kidogo, ukinasa, naliacha. Kisha nashika uzi mmoja wa ukingoni na kuuvuta. Ukifuata na kuendelea kufumuka, naliacha vilevile. Sababu ya jaribio la pili ni kwamba sungura hutafuna, na sungura hawezi kutapika. Uzi wa nailoni au poliesta ukiingia tumboni, njia yake ni moja tu ya kwenda mbele, na ukijikusanya na kuziba utumbo, maisha yake huwa hatarini. Pamba au majani yaliyosukwa ni afadhali kwa mtafunaji, ingawa nayo hayakusudiwi kuwa chakula. Mikeka ya kusukwa kwa nyasi za baharini au ukindu naipenda kwa sababu akitafuna ukingo, ametafuna jani. Mkonge una nyuzi ngumu zinazokwaruza, kwa hiyo mimi huutumia mahali pa kuchimbachimba tu, si mahali pa kulala. Ile mikeka ya sponji inayounganishwa kwa meno, ambayo watu huwatandikia watoto wachanga, ni laini kweli, lakini kwa sungura anayetafuna haifai: humegeka vipande vipande, na vipande hivyo humezwa. Chunguza pia mgongo wa zulia. Tabaka la raba linalozuia kuteleza ni jema mradi lisifikiwe na meno, kwa hiyo kingo ziwekwe chini ya samani au zibanwe ukutani.

Usitandike kila inchi, hata hivyo. Sungura hatoi jasho la kumpoza kama binadamu. Joto lake hulipunguza hasa kwa masikio, na joto la hewa likipanda kupita nyuzi 28 za selisiasi au hivi, anaanza kutaabika. Mwachie kigae kimoja au viwili wazi kwenye kivuli. Atajua mwenyewe wakati wa kujilaza hapo kwa tumbo na wakati wa kurudi kwenye zulia.

Sasa matandiko, na hapa ndipo utakapookoa kazi nyingi. Sungura kwa tabia yake huchagua kona ya kukojolea na huirudia ileile. Huhitaji maranda chumba kizima. Unahitaji trei kwenye kona aliyoichagua yeye (si uliyompangia wewe), yenye ukubwa wa kumtosha kuingia, kugeuka na kujinyoosha. Sungura aliyehasiwa huishika tabia hii kwa urahisi zaidi, kwani ambaye hajahasiwa huweka alama za mkojo kila mahali. Ukitandika kitu kinachofyonza chumba kizima, unamfundisha kwamba chumba kizima ni choo.

Ndani ya trei naweka peleti za karatasi iliyoshindiliwa, unene wa sentimita 2 au 3, na juu yake nyasi kavu nyingi, yaani hei. Peleti za mbao zilizokaushwa kwa joto kali nazo ni nzuri, hata zile zinazouzwa kwa ajili ya majiko ya kupashia nyumba joto, mradi kifurushi kionyeshe kwamba hazikuongezwa kemikali ya kuwasha moto. Ukitaka kuzipima, tia kiganja kimoja cha peleti kwenye bakuli na umwagie maji kidogo: zinazofaa hunywa maji, huvimba na kubomoka kuwa unga mwepesi, na uso wake wa juu hubaki karibu mkavu. Hicho ndicho unachokitaka chini ya miguu ya sungura, kwa sababu unyevu hulainisha ngozi ya kisigino na kuharakisha kidonda. Magazeti hayana ubaya yakiwa chini kabisa ya trei. Yakiwa peke yake yanateleza, hulowa na hayazuii harufu.

Kuhusu maranda uliyoyataja, inategemea mti. Maranda ya mwerezi na ya msonobari usiokaushwa kwa joto yana ile harufu nzuri inayotupendeza sisi, na harufu hiyo ni kemikali zinazoingia mapafuni na kushughulikiwa na ini. Mwaka 1967 Elliot Vesell alichapisha katika jarida la Science kwamba panya waliolazwa juu ya maranda ya mwerezi mwekundu walikuwa na vimeng'enya vya ini vilivyochangamka kupita kawaida, kiasi kwamba dawa ya usingizi iliwaishia mapema. Kwa mnyama atakayehitaji kulazwa usingizi siku ya kuhasiwa, hilo si jambo dogo. Maranda ya miti isiyo na utomvu wenye harufu, kama aspeni, hayana shida hiyo, lakini hutapakaa, na vumbi lake lazima lipepetwe. Sungura hupumua kwa pua tu, na pua hiyo iko sentimita chache juu ya matandiko.

Mchanga wa choo cha paka unaogandamana ukilowa usiuingize ndani kabisa. Hutengenezwa kwa bentonaiti, udongo unaovimba ukikutana na maji, na sungura hujaribu kula karibu kila kinachowekwa mbele yake. Punje za magunzi ya mahindi nazo humezwa na kuziba utumbo, na zikilowa huota kuvu.

Zile nyasi kavu za juu ya trei huwashangaza wageni, lakini sungura hula na kunya kwa wakati mmoja, na rundo la nyasi ndilo linalomfanya aipende trei. Weka nyingi upande mmoja ili atakachokula kisiwe alichokojolea. Usibadilishe nyasi kwa mabua ya ngano ukidhani ni kitu kilekile: mabua ni matandiko mazuri ya kulalia, ila lishe yake ni duni.

Usafi ni kila siku au kila baada ya siku moja, kutegemea idadi ya sungura na ukubwa wa trei. Usijipime kwa pua yako ukiwa umesimama. Piga magoti, inamisha uso usawa wa trei, na ukisikia amonia inachoma, ujue yeye alikwisha kuisikia zamani, na kwamba inamharibia njia ya hewa. Utaona pia ukoko mweupe umeshika trei. Sungura hutoa kwa mkojo asilimia 45 hadi 60 ya kalisi anayoila, wakati wanyama wengi wengine hutoa chini ya 2, na kalisi hiyo ndiyo inayoganda. Sabuni haiiwezi. Mwaga siki nyeupe, acha kwa nusu saa, sugua, suuza. Siki usiichanganye kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia, kwa sababu hutoa gesi ya sumu.

Kitanda cha kulalia si lazima. Sungura wengi hujilaza kwenye zulia au ndani ya trei yao. Ukitaka kumwekea blanketi laini, chagua lisilofumuka, likague kingo kila unapolifua, na ulitoe mara moja ukiona matundu yanaongezeka huku vipande havionekani sakafuni.

Kwa mguu ulionitajia, ningeanza na mambo matatu kwa pamoja: mkeka au zulia la nyuzi fupi juu ya sehemu zote anazopita na kupumzika, kucha zikatwe, na trei ibaki kavu. Piga picha ya kisigino kila wiki, mwanga uleule na umbali uleule, ulinganishe. Kipara kikikua au rangi ikigeuka nyekundu licha ya mabadiliko hayo, nenda kwa daktari na picha hizo mkononi.