Mwache abaki na jina la baba yake

Dada yangu, pole. Unauliza kama binti yako wa miaka 12 ana dharau kwa sababu amefuta jina la mumeo kwenye madaftari na kuandika la marehemu baba yake. Hapana. Anatafuta pa kusimama.

Nami nimelelewa na baba wa kambo. Mtu mwema, alinilipia ada mpaka mwisho. Lakini kila mgeni aliposema, "Wote wamefanana na baba yao, ila huyu," nilikimbilia jikoni kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Kilichoniponya ni picha ya baba aliyoniletea shangazi. Mama aliitundika sebuleni, wazi, kila mtu aione.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hapa Tanzania inampa mtoto haki ya jina na ya kuwajua wazazi wake wa damu na ukoo wake. Usimlazimishe basi. Likizo mpeleke kwa bibi mzaa baba, alale huko, asikie utoto wa baba yake. Na mumeo amwambie mwenyewe, wakiwa wawili: "Jina la baba yako ni lako, na kwangu wewe ni mwanangu."